Tumesema kikaoni mara tatu, mtaro bado umeziba: hoja hufia wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nauza mitumba, naishi katika mtaa mmoja wa jiji letu hapa mashariki mwa Uganda. Mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu umeziba tangu mwaka juzi, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi chini ya kitanda. Tumelisema jambo hili kwenye mkutano wa LC1 (baraza la kijiji) mara tatu. Mara mbili diwani alikuwepo, akaahidi, tukampigia makofi. Juzi nimekwenda mwenyewe kwenye kikao cha baraza la divisheni (sehemu ya jiji yenye baraza lake), nikanyoosha mkono, askari akaniambia niketi chini. Hizi hoja zetu zinafia wapi? Tufanye nini ili safari hii zifike?

JIBU: Dada yangu, pole kwa maji. Nianze na lile la askari, maana linawaudhi wengi. Kikao cha baraza ni cha wazi na mwananchi ana haki ya kuingia, ila anaingia kusikiliza. Anayesema mle ndani ni diwani, tena kwa kupewa nafasi na spika. Kwa hiyo hukukosea kwenda, lakini mlango wa kusemea ni mwingine.

Na kwa jinsi ulivyoeleza, hoja yenu haikufika hata huko barazani. Ilifia palepale mkutanoni, siku ileile, kwa sababu ilisemwa, ikapigiwa makofi, na hakuna aliyeiandika namna inavyotakiwa. Diwani akiondoka na ahadi kichwani, karani wa divisheni, yaani mkuu wa ofisi yake, hana karatasi ya kuweka kwenye faili, na serikali za mitaa huendeshwa kwa faili.

Twende kwenye daftari la LC1. Kisheria, baraza la kijiji (mjini wengi husema seli) ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wale kumi wa kamati ni watendaji wenu tu. Katika hao kumi, wa kumtafuta kabla ya mkutano ni katibu mkuu, maana mwenyekiti ana muhuri lakini daftari liko kwa katibu. Mwombe akufungulie kumbukumbu za mikutano mitatu iliyopita. Naweza kukisia utakachokikuta: "Wananchi walilalamika kuhusu mtaro. Mwenyekiti aliahidi kufuatilia." Sentensi hiyo haina kazi. Haisemi mtaro upi, nani afanye nini, lini, wala barua iende kwa nani.

Mkutano ujao iandikwe kwa namna hii:

"MIN 5/9: Mtaro wa nyuma ya soko. Wakazi 64 waliohudhuria walieleza kuwa mtaro wa takriban mita 140, kutoka njia ya msikiti hadi barabara kuu, umejaa udongo na taka, na makalavati mawili yameziba. Nyumba 46 huingiwa na maji. Mkutano UMEAZIMIA: (a) kuiomba divisheni isafishe mtaro na kuzibua makalavati katika robo hii ya mwaka, (b) kuomba ujenzi wa mtaro wa mawe uingizwe kwenye bajeti ya mwaka ujao, (c) katibu apeleke barua kwa karani wa divisheni ndani ya siku 7, nakala kwa diwani na kwa tauni ejenti, (d) taarifa itolewe mkutano ujao."

Tarakimu ni za mfano, mtaweka zenu. Tauni ejenti ni ofisa wa serikali kwenye wadi yenu. Cha kushika ni lile neno "umeazimia", pamoja na namba ya miniti, yaani ya kipengele cha kumbukumbu (hapa 5/9). Barua yoyote inayofuata itataja namba hiyo. Ambatisheni na orodha ya mahudhurio yenye saini na namba za simu, kwa sababu barua ya mtu mmoja huhesabiwa kuwa malalamiko, ila azimio la kijiji lenye majina 64 ni ombi la baraza la chini kwenda baraza la juu.

Vipimo hamhitaji injinia kuvipata. Hatua kubwa ya mtu mzima ni karibu mita moja. Tembeeni wawili, mlinganishe. Upana pimeni kwa futi ya fundi cherehani. Kalavati lipimwe kipenyo mdomoni: mengi mtakayoyakuta chini ya njia za mitaani ni ya milimita 600, na likiwa dogo kuliko hapo andikeni, maana huenda tatizo si taka peke yake, bomba lenyewe halitoshi. Pigeni picha mbili za sehemu ileile, moja wakati wa jua, nyingine mvua ikinyesha. Injinia wa divisheni akipata barua yenye urefu, upana, idadi ya makalavati na picha, anaweza kukadiria gharama mezani kwake. Akipata barua isiyo na vipimo, lazima kwanza apate gari na mafuta aje kuangalia, na hapo ndipo miezi sita hupita.

Sasa angalia vipengele (a) na (b). Watu wengi hapa ndipo wanapopotea, na madiwani pia. Kuzibua mtaro uliopo ni matengenezo. Fungu la matengenezo ya barabara na mitaro huwa tayari limo kwenye bajeti ya mwaka unaoendelea, hata kama ni dogo, na kazi hufanywa na vibarua wenye makoleo na toroli. Ombi hilo halihitaji kusubiri bajeti mpya, linahitaji kuingia kwenye ratiba ya kazi ya robo mwaka. Kujenga mtaro mpya wa mawe na saruji ni mradi wa maendeleo. Huo unahitaji mpango, makadirio, zabuni na mkandarasi. Mkisema tu "tunataka mtaro", ofisi itawaweka kwenye foleni ya miradi, mtangoje miaka miwili kwa kazi ambayo vibarua wanane wangeimaliza kwa siku nne. Ombeni yote mawili, lakini kila moja kwa jina lake.

Kabla ya kuandika barua, jueni mtaro ni wa nani. Ukiwa kando ya barabara ya jiji, ni wa jiji na divisheni. Ukiwa kando ya barabara kuu ya taifa, mwenyewe ni Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, iliyochukua kazi za mamlaka ya barabara kuu (ile UNRA) baada ya kuvunjwa. Divisheni haiwezi kutia jembe pale bila wao, na karani atakujibu hivyo akiwa amesema kweli. Kama mtaro wenu unaanzia mtaani na kuishia barabara kuu, kuna uwezekano kalavati la mwisho si la divisheni. Nakala moja iende kwa injinia wa wizara wa kituo cha eneo lenu.

Kuna na jambo ambalo halisemwi mkutanoni: mara nyingi mtaro unaziba kwa sababu kuna duka au choo juu yake, na mwenye duka amekaa mstari wa mbele. Kama ni hivyo kwenu, hakuna bajeti itakayowasaidia. Hilo ni la kamati ya mipango miji, iliyo chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2010, na barua iende kwa afisa mipango miji wa jiji, ikitaja kiwanja kwa mahali kilipo bila matusi wala kumtaja mtu kwa ubaya. Msimtegemee diwani asimame kulisema hadharani. Mwenye duka ana kura za ukoo mzima.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Ipelekwe kwa mkono, nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe na kurudi kwenu. Usikubali jibu la "iache tu hapo, bosi ataiona." Nakala yenye muhuri ndiyo risiti yenu. Kuhusu lugha: mkutano fanyeni kwa Kiswahili, Lugisu, Luganda au lolote mnaloelewana, na daftari vivyo hivyo, lakini barua ya divisheni iambatane na tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, ila faili la injinia bado halijapata habari hizo.

Halafu kuna kalenda, ambayo inaua hoja nyingi kuliko uvivu wa mtu yeyote. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Lakini bajeti haitengenezwi Juni. Kuanzia Septemba Wizara ya Fedha hutuma waraka wenye viwango ambavyo kila wilaya na jiji visivuke. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mikutano ya bajeti, ile inayoalika wananchi, viongozi wa dini, wafanyabiashara na mashirika. Mwezi Novemba andiko la mfumo wa bajeti, yaani muhtasari wa mipango na makadirio, linapelekwa wizarani. Rasimu huwa mezani kwa baraza kufikia mwisho wa Machi, na hupitishwa Mei. Kwa hiyo anayesimama mwezi wa nne kuomba mtaro mpya amekuta chakula kimeshapakuliwa. Chukua mfano: hoja iliyofika divisheni Septemba 2026 inaweza kutazamia Julai 2027. Iliyofika Aprili 2027 itazamie Julai 2028. Tofauti ya miezi saba imegharimu mwaka mzima.

Pitia pia kwa afisa mipango wa jiji umuulize kama mitaro ya wadi yenu imo kwenye mpango wa maendeleo wa miaka 5. Mipango ya sasa ya serikali za mitaa inakwenda sambamba na Mpango wa Nne wa Taifa, 2025/26 hadi 2029/30. Kitu kisichotajwa mle kabisa ni kigumu kuingizwa kwenye bajeti ya mwaka, hata kama diwani ana sauti kama radi.

Njia ya hoja kutoka LC1 kwenda juu ni hii. Wadi (LC2) hukusanya maombi ya seli zake na kuyapanga kwa umuhimu. Hapo mnashindana na majirani, kwa hiyo mpelekeni mtu anayejua vipimo. Tauni ejenti huyapeleka divisheni. Divisheni ina kamati ya wataalamu inayoongozwa na karani: injinia, mhasibu, afisa afya, afisa mipango. Hao ndio wanaotia bei. Kisha kamati ya kudumu ya madiwani inayoshughulikia ujenzi huyapitia, halafu kamati ya utendaji, mwisho kikao kamili. Ukiona kikao kamili kinapitisha bajeti nzima kwa mchana mmoja usishangae; mabishano yalishakwisha kwenye kamati. Kwa hiyo diwani wenu msimwombe "aseme barazani". Mwombeni jambo dogo zaidi na lenye nguvu zaidi: amkabidhi mwenyekiti wa kamati ya ujenzi azimio lenu kabla kamati haijakaa, kisha awaletee namba ya miniti ya kamati. Akirudi na namba, hoja iko hai.

Baraza kwa sheria linatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi miwili. Mkisikia halijakaa kwa miezi mitano, sababu mara nyingi ni posho. Sheria ya Serikali za Mitaa inazuia malipo ya madiwani yasizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Mapato yakishuka, vikao vinapungua, na hoja zinalala kwenye trei. Ndiyo maana mwenye duka anayekwepa leseni na anayelalamika kwamba baraza halikai wakati mwingine ni mtu mmoja.

Tukifika kwenye fedha, zipo sheria mbili mnazoweza kuzitaja kwa heshima na zikasikika. Ya kwanza: mjini, mapato ya ndani hukusanywa na divisheni, nayo hubaki na asilimia 50 na kupeleka asilimia 50 jijini. Kwa hiyo jibu la "fedha zote ziko jijini" si sahihi. Sehemu kubwa ya ruzuku kutoka Kampala huja imefungwa kwa kazi maalumu, mishahara ya walimu au zahanati, na hiyo kweli haiguswi, lakini nusu ya leseni na ushuru wa soko lenu imo mikononi mwa divisheni. Ya pili ndiyo inayogusa mtaro moja kwa moja. Sheria ya kodi ya majengo ya 2005 inataka angalau asilimia 75 ya kodi hiyo itumike kwa huduma za walipaji: barabara, mitaro, taa za barabarani, kuzoa taka na mengine ya namna hiyo. Nyumba anayokaa mwenyewe haitozwi, lakini nyumba za kupangisha na maduka hutozwa. Orodhesheni majengo ya kupangisha na maduka ya mtaa wenu, mwulize mhasibu wa divisheni kwa barua: mwaka uliopita kodi ya majengo ya wadi yetu ilikuwa kiasi gani, na mitaro ilipata ngapi? Swali lenye tarakimu hukaa vibaya tumboni mwa ofisi kuliko kelele.

Wakikataa kujibu, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005. Raia yeyote anaweza kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, kwa maandishi, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Kimya baada ya siku hizo huhesabiwa kuwa kukataa, na unaweza kupeleka malalamiko kwa Hakimu Mkuu. Ni wachache wanaohitaji kufika huko. Kutaja tu "siku 21" kwenye barua hubadilisha sauti ya watu.

Milango ya kusemea niliyokuahidi ni mitatu. Mkutano wa bajeti wa Oktoba na Novemba, ambao tangazo lake hubandikwa kwenye ubao wa divisheni na husomwa redioni. Hapo mwananchi anasema, lakini anapewa dakika mbili tatu tu, kwa hiyo anza na vipimo, usianze na salamu za itifaki. Wa pili ni baraza la uwajibikaji, yale yaliyoanzishwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2009: maofisa wanasimama mbele ya watu waeleze fedha gani zimekuja na zimefanya nini, nanyi mnauliza. Kamishna Mkazi wa jiji, mwakilishi wa Rais, huwapo, na ofisi yake ndiyo ya kuulizia lini litafanyika kwenu. Wa tatu, katika miji iliyopitia USMID, mradi wa miundombinu ya miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ni jukwaa la maendeleo la jiji lenye wawakilishi wa wafanyabiashara na wakazi. Mengine yamelala usingizi, mengine bado yana nguvu. Mwenye kibanda cha mitumba ana haki ya kuwakilishwa mle kama mwenye hoteli.

Kwa wasomaji wa Kampala: ngazi za chini zinafanana, lakini jiji lenu lina sheria yake ya 2010, na divisheni zenu tano ziko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji kuu. Msichukue ile hesabu ya nusu kwa nusu mkadhani ni yenu.

Tuseme sasa fedha zimepatikana na kazi imeingia kwenye ratiba. Hapa pia kuna mitego. Fedha huja kwa robo, na zisizotumika hadi Juni 30 hurudi Hazina. Zabuni ikichelewa, mkandarasi anaingia Mei mvua zikiwa zimepamba moto, saruji haikauki vizuri, na kila mtu anakimbizana na tarehe. Mradi wa maendeleo ukianza, dai bango linaloonyesha jina la kazi, mwenye fedha, mkandarasi na muda. Ombeni orodha ya vipimo na gharama, au angalau ukurasa unaohusu mtaro wenu, na kamati ya LC1 ichague wawili wa kupima. Mtaro ulioandikwa mita 140 ukijengwa mita 110, hakuna mkaguzi kutoka mbali atakayeugundua kabla yenu. Msisaini hati ya kuridhika na kazi kabla ya kupima. Kuna wenyeviti wanaoletewa hati hiyo jioni pamoja na soda.

Na kwa ile kazi ndogo ya kuzibua, ambayo mkifanya haya mnaweza kuipata ndani ya robo moja, ongezeni neno moja kwenye barua: kuzoa. Vibarua hupewa kazi ya kutoa udongo, wakautupa ukingoni mwa mtaro, wakaenda zao, kwa sababu lori halikuwemo kwenye hesabu. Mvua ya kwanza inaurudisha wote ndani. Andikeni "kusafisha mtaro na kuzoa udongo siku hiyohiyo", mtaje na mahali lori linapoweza kugeuzia.